Mzee Lameck Achagua Gari

Mzee Lameck wa Mabira alikuwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyemshinda, kwa ushahidi wake mwenyewe: kumjua ng'ombe na kujigamba. La kwanza watu walimkubalia bila taabu. La pili walimkubalia zaidi, kwa kuwa hakuwa akiwapa nafasi ya kubisha. Kwenye harusi, wazee wanapoanza kusimama mmoja mmoja na mkuki mkononi kutaja sifa zao, Mzee Lameck huombwa kwa heshima zote awe wa mwisho. Akitangulia yeye, chakula hupoa.

Asubuhi moja ya msimu wa kuvuna kahawa alikuwa amekaa mbele kwenye pikapu ya maziwa, kavaa koti lake la kanisani, anapelekwa Murongo. Aliyeshika usukani ni binti yake, Mackrine, fundi wa injini mwenye gereji yake Kihanga. Walikuwa wanakwenda kununua gari la mashindano. Mzee alikuwa na furaha ya bwana harusi. Mackrine alikuwa kimya, kwa sababu alikuwa anafikiri, na kwa sababu mtu akisafiri na Mzee Lameck hana haja ya kutafuta mazungumzo.

Chanzo cha safari hiyo kilikuwa tusi. Kila Krismasi, wenyeji waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam wanaporudi nyumbani, vijana wa Karagwe na Kyerwa hushindana kupanda mlima kwa magari kwenye barabara ya vumbi pale Mabira. Kyerwa ilipojitenga na Karagwe ikawa wilaya yake, ilichukua milima, migomba na ng'ombe. Kikombe kilibaki Karagwe, na hakijawahi kuvuka. Mwenye kikombe ni Placidius, dereva wa Kayanga, kijana mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Krismasi iliyopita Mackrine alipanda na kigari chake kidogo alichokuwa amekiongezea kila kitu kinachoongezeka, akawa wa pili. Placidius, amekaa juu ya boneti la gari lake, akamwambia mbele ya umati: "Dada Mackrine, pole. Mwakani mlete ng'ombe wa baba yako, huenda atapanda vizuri zaidi."

Watu walicheka. Mzee Lameck alikuwepo, na hakucheka. Angeweza kusamehe tusi la gari, kwa kuwa magari hakuyajua. Lakini ng'ombe! Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe Adventina kwamba anauza ng'ombe kumi, na kwamba asiulizwe. Mama Adventina, aliyemzoea, hakuuliza. Alisema tu: "Basi mwache mtoto achague mwenyewe. Gari si ng'ombe." Mzee akajibu kwamba kitu chenye miguu minne kinachovuta pumzi na kula, yeye anakijua.

Yadi ya magari waliyoiendea ilikuwa mita chache kutoka mpakani, na mwenyewe alikuwa Kemigisha, mama wa Kinyankole aliyekuwa akiingiza magari na kuyalipia ushuru wake kabla hayajamwona mteja. Alikuwa amewawekea mawili. Yote mawili Subaru Impreza, yote mawili yenye turbo, injini za ukoo mmoja. Moja ni la mwaka 2001, taa zake za mbele za mviringo kama macho ya chura, rangi nyekundu iliyoiva ikaelekea udongo. Lingine ni la mwaka 2006, la bluu inayong'aa, macho yamekazwa kama ya mwewe, rimu za dhahabu, ekzosi pana, na nyuma ya buti bawa kubwa lililosimama kama limeandaliwa kuruka.

"Shikamoo mzee," Kemigisha alisema. "Karibuni. Mama fundi, angalia mpaka uchoke. Mimi sina haraka."

Mackrine alianza na lile jekundu. Aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha kwamba injini imelala baridi, isije ikawa imepashwa moto mapema ili kuficha magonjwa. Akaliwasha, akasikiliza, akalizima. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa. Kisha akatandika gunia, akaingia chini ya gari na tochi, na huko akakaa. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

Mzee Lameck alisubiri. Kusubiri hakukuwa kipaji chake. Alilizunguka lile jekundu mara moja, akaona vumbi, akaona kiti cha dereva kilichochakaa, akahitimisha kwamba mwanawe anampa heshima kikongwe kabla ya kwenda kwenye jambo lenyewe. Akasogea kwa la bluu. Kemigisha, ambaye hakuwa mfanyabiashara wa jana, aliingia ndani akaliwasha na kukanyaga mafuta.

Lo! Lile gari lilinguruma hadi mabati ya yadi yakaitikia. Waendesha bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria wa mpakani waligeuza vichwa, wakaja. Wakaja wachuuzi wa nguo, akaja karani mmoja wa forodha na kalamu nyuma ya sikio. Mzee Lameck alihisi kitu kikimpanda kutoka kwenye nyayo. Aliona bawa lile, akaona pembe. Aliona rimu zile, akaona kwato za fahali aliyeoshwa kwa sherehe. Aliona pia nyuso za watu, nyingi, zote zinamtazama yeye mwenye koti. Mtu mmoja akauliza, "Mzee, hili ndilo la Mabira?" Basi ikawa imekwisha. Alinyakua fimbo ya mchungaji mmoja aliyekuwa jirani, akaruka hatua mbele, akainua mkono:

"Mimi Lameck, nisiyekwenda kisimani nikarudi na mtungi mtupu!
Mimi niliyemshika fahali pua, kijiji kizima kikiwa juu ya miti!
Na huyu hapa ni Mwewe wangu wa Mabira,
mwenye pembe mgongoni, mwenye macho yasiyosinzia.
Akikohoa Murongo, Kayanga wanafunga milango!"

Umati ulilipuka. Bodaboda zilipiga honi. Kemigisha alipiga vigelegele mpaka akashika kiuno. Mzee Lameck alisimama katikati ya kelele zile kifua mbele, na hapo ndipo miguu iliyokuwa chini ya gari jekundu ilipotoka, ikifuatiwa na Mackrine mzima, oili hadi kwenye kiwiko.

Ni lazima msomaji ajue sheria moja ya nyumba ile. Katika ukoo wa Mzee Lameck, kitu kikishasifiwa kwa jina mbele ya watu hakiachwi langoni kwa mwenyewe. Babu yake aliwahi kulewa rubisi akamtungia kivugo dume mwenye mguu mbovu, na alipolevuka akamnunua, akamlisha hadi alipokufa kwa uzee. Aliyemwacha aliyemsifu, walisema, kinywa chake ni tundu tu la kupitishia chakula. Mackrine alikua akiisikia hadithi hiyo. Alimtazama baba yake, akatazama umati, akatazama gari la bluu. Alikwenda akalifungua boneti, akaingiza kichwa kwa muda mfupi, akalifunga taratibu, akainama kumulika chini kwa tochi.

"Sawa, Tata," alisema. "Umeshasema."

Kemigisha akawaomba wakale wakati yeye anaandaa kadi ya gari. Walikwenda kwenye mgahawa wa jirani, wakaletewa ndizi za nyama. Mzee alikula kwa kelele ya ushindi, akieleza jinsi watakavyoingia Mabira, nani atapewa lifti na nani atanyimwa. Ilimchukua nusu sahani kugundua kwamba mwanawe hajagusa kitu.

"Unaumwa?"

"Hapana, Tata."

"Ulitaka lile jekundu."

"Limeshapita."

"Mackrine. Nimekuuliza."

Mackrine alifuta mikono kwenye suruali ingawa oili haikutoka. "Lile la bluu halina ubaya lilivyotoka kiwandani," alisema. "Ubaya ni waliolishika. Limepita mikono ya watu waliotaka kelele. Mmoja amebadilisha turbo, mwingine amekata nyaya akaziunga kwa gundi, mwingine kaongeza mafuta kuliko injini inavyoweza kuchoma. Na chini limeunganishwa kwa kuchomelewa, liliwahi kugonga. Nikitaka kulijenga, inabidi kwanza nibomoe kazi za watu nisiowajua, na kila nikibomoa nitakuta nyingine. Lile jekundu halijaguswa. Kila nati iko kama ilivyofungwa Japani. Kiti kimechakaa, ndiyo, kwa sababu mtu amekaa akaendesha kazini na kurudi. Ni jepesi kuliko la bluu. Lile jekundu ningelianza mwanzo, mwenyewe, hatua kwa hatua, na likifika juu ya mlima ningejua kila kilicholifikisha."

Mzee Lameck alitafuna polepole.

"Si wewe, Tata?" Mackrine aliendelea, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliouma. "Tangu nina akili sijakuona ukinunua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa na wengine. Wanakuletea wenye pembe ndefu, wanakung'ang'aniza, unakataa. Unasema kila mkono uliomkamua umemfundisha tabia, na tabia zote atakuja kukuonyesha wewe. Unanunua mtamba mwenye vumbi, unamlea. Watu wanakucheka mwaka wa kwanza."

Ilikuwa kweli. Kanuni hiyo ndiyo iliyomjengea Mzee Lameck zizi lake lote. Aliirudia sokoni, aliirudia kanisani baada ya ibada, aliwaimbia hata wakwe zake. Na leo, kwa sababu ya bawa la bati na honi za bodaboda, ameisahau, na aliyeikumbuka ni mtoto aliyekuwa amelala chini ya gari. Aliona aibu. Chini ya aibu, kwa mshangao wake, kulikuwa na jambo lingine lenye joto, lakini hakuwa na nafasi ya kulitazama bado.

"Kwa nini hukunizuia?"

"Mbele ya watu wote wale?" Mackrine alitabasamu. "Nitaliendesha hilo la bluu, Tata. Nitajitahidi."

Nitajitahidi! Mzee Lameck alilijua neno hilo. Ndilo neno la mtu anayekwenda kushindwa kwa adabu. Mtoto huyu alikuwa tayari kupanda ule mlima na gari asilolitaka, na kuchekwa tena na mtu mwenye miwani, ili baba yake asionekane mtu wa maneno matupu. Alikuwa anamlipia baba yake kiburi chake, na wala hakulalamika. Mzee alisukuma sahani.

Kwanza alijaribu njia ya panya. Alimwacha Mackrine mezani, akamfuata Kemigisha kwenye kibanda chake cha ofisi, akafunga mlango.

"Mama," alinong'ona, "tubadilishe kimya kimya. Andika lile jekundu. Umati ukiondoka, sisi nasi tunaondoka."

Kemigisha aliweka kalamu chini. "Banange, mzee! Mimi ni binti wa wafugaji. Nimesikia ukilipatia jina kwa masikio yangu. Hata kwetu Ankole ng'ombe akishaimbwa ana mwenyewe." Alisema bila hasira, na alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa na mfupa ndani. "Kuuza nitauza lolote, magari yote ni yangu. Ila sitakusaidia kutoroka maneno yako. Uliyasema kwa sauti. Ukitaka kuyatoa, yatoe kwa sauti ile ile."

Mzee Lameck alitoka nje. Umati haukuwa umeondoka. Kwanza ulikuwa umeongezeka, maana Murongo habari haikai. Abiria walioshuka kutoka Kayanga walikuwa wamesimuliwa kwamba watu wa Kyerwa wamenunua mwewe, na wengine kati yao walikuwa wanalipiga picha kwa simu ili wakamtishe Placidius nazo. Mackrine alikuwa amerudi, amesimama kando ya lile la bluu, anaitikia pongezi.

Alimtazama binti yake akipokea mikono ya watu kwa kitu asichokitaka. Akafikiria kinywa chake, jina la baba yake, dume la babu mwenye mguu mbovu. Alifikiria harusi zote atakazokwenda, na yule mtu mmoja ambaye siku zote huwapo, atakayesema kwa sauti ya kusikika, "Mpeni mkuki mzee wa magari mawili." Miguu ilimwambia arudi mgahawani. Akaiomba fimbo tena kwa mchungaji wake, safari hii kwa adabu, na watu wakanyamaza, wakidhani wanaongezewa utamu.

"Mimi Lameck, mwenye jicho la ng'ombe: leo jicho limenitoroka!
Nimesifu pembe, sikutazama kwato.
Nilihubiri mtamba, nikakimbilia aliyekamuliwa na kijiji.
Nisikilizeni, sitasema mara mbili: nimeshindwa!
Fahali hakunishinda, chui hakunishinda,
mtu wa Kayanga hajazaliwa.
Nimeshindwa na Mackrine, niliyemzaa mwenyewe,
mwenye oili mpaka kwenye kiwiko,
aliyeona chini ya gari mimi nikitazama juu.
Mwewe namrudisha angani, aibu yake naivaa, inanienea.
Nani kati yenu ana mtoto wa kumshinda? Amlete hapa!"

Tangu lini mtu akajigamba kwa kushindwa? Wazee wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walitazamana kama waliosomewa Injili mpya. Mwendesha bodaboda mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Mzee Lameck alisimama na fimbo yake, jasho likimtiririka ndani ya koti, akijua kwamba ama ameuzika ukoo wake papo hapo, ama la.

Kisha mzee mmoja wa benchi akasema, polepole, "Mimi wangu wanane. Hakuna hata mmoja aliyenishinda kitu." Akasema kwa huzuni ya kweli. Karani wa forodha akapiga makofi. Ndipo vikaja vigelegele, na honi, na vumbi, na watu wakimsukuma Mackrine mbele wamwone vizuri, na Mackrine akiwa amefunika mdomo kwa mkono wake mchafu akajipaka oili usoni. Mzee Lameck alimtazama, na lile jambo lenye joto alilolihisi mgahawani sasa akalijua jina lake. Alikuwa ameringia ng'ombe maisha yake yote, na kitu kikubwa kuliko zizi lote kilikuwa kikimwendesha kwenye pikapu ya maziwa.

Wanaotaka kujua kilichotokea Desemba, na uso wa Placidius ulivyokuwa alipovua miwani, waende Mabira wakaulize. Watasimuliwa hadi wakome. Wengine kule husimulia mashindano yale kama vile walikuwa ndani ya injini. Lakini Mzee Lameck mwenyewe, ambaye hana kawaida ya kuacha sifa ipite bila kuidaka, ukimuuliza habari za kikombe hukueleza kwa ufupi, kisha anarudi kwenye siku ile ya yadi.

Kemigisha alileta ufunguo wa gari jekundu, akauweka kwenye kiganja cha mzee. Ilibaki jina, gari haliwezi kuondoka bila jina baada ya maneno mazito namna ile. Mzee Lameck alivuta pumzi, akafungua kinywa. Majina yalikuwepo, yamepanga foleni mlangoni, mazuri yote. Akakifunga kinywa. Akamgeukia binti yake, akampa ufunguo, na juu ya ufunguo akampa fimbo.

"Mimi nimeshakosea mara moja leo," alisema. "Lisifu wewe."

Mackrine alirudi nyuma nusu hatua. Katika ukoo wao mwanamke hupiga vigelegele, fimbo haishiki. "Tata, mimi sijui."

"Hata mimi nilikuwa sijui. Ni kelele tu na ukweli kidogo. Wewe ukweli unao mwingi, ongeza kelele."

Watu walicheka, naye akacheka, na kicheko kikamsaidia. Aliishika fimbo kama spana. Akalitazama gari lenye rangi ya udongo mwekundu, rangi ya ng'ombe ambao baba yake huwapenda kuliko wote, wale wanaoitwa bihogo.

"Mimi Mackrine wa Lameck," alianza, "fundi wa Kihanga. Na huyu… huyu ni Bihogo. Hana pembe. Hakuna aliyemgusa kabla yangu. Nitamfungua nati kwa nati, nitamfunga nati kwa nati, na kila atakapofika, atafika kwa mikono hii… kwa mikono hii ninayowaonyesha. Sijashinda bado. Nimechagua!"

Alianza kwa sauti ya chini mno. Alivuta pumzi mahali pasipo pake, na neno moja alilirudia kwa sababu lilimponyoka. Mzee Lameck, ambaye hajawahi kusikiliza kivugo cha mtu bila kukisahihisha, alivua kofia yake, akasikiliza mpaka mwisho.